Mtoto Mwenye Kifafa Kisichosikia Dawa: Je, Chakula Chaweza Kumsaidia?

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Leo tuzungumze juu ya watoto wenye kifafa ambao wametumia dawa kwa muda mrefu lakini bado wanaanguka.

Siku moja mama alikuja kliniki akiwa amembeba mgongoni mtoto wake wa miaka 4. Mtoto alikuwa ameshikwa na kifafa mara kadhaa usiku huo. Nilipomwuliza mama kuhusu dawa, alinijibu, "Sista, dawa niliacha wiki iliyopita. Nilisikia mtoto akinyimwa ugali na sukari, kifafa kinaisha."

Nilimkaripia. Baadaye nilijuta, kwa maana alichosikia kilikuwa na ukweli ndani yake. Alikosa tu mtu wa kumweleza sehemu iliyobaki. Sehemu hiyo ndiyo ninayotaka kuwaeleza leo.

Ni kweli, iko lishe inayotibu kifafa. Inaitwa lishe ya ketojeniki. Tangu zamani watu waliona kwamba mgonjwa wa kifafa akifunga kula, kuanguka hupungua. Lakini mtoto hawezi kufunga kila siku. Mwaka 1921, Daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic kule Marekani alipendekeza chakula chenye mafuta mengi sana na wanga kidogo sana, ili mwili ufanye kazi kama umefunga, na huku mtoto anakula.

Kwa kawaida mwili hupata nguvu kutoka kwa wanga, yaani ugali, uji, viazi, mkate na sukari. Wanga ukikosekana, ini hugeuza mafuta kuwa kitu kiitwacho ketoni. Ubongo hutumia ketoni badala ya sukari, na kwa watoto wengine kifafa hutulia.

Je, inasaidia kweli? Mwaka 2008 madaktari wa London walitangaza matokeo ya utafiti wa watoto 145 ambao dawa zilikuwa zimeshindwa kuwatuliza. Baada ya miezi 3, kati ya kila watoto 100 waliopewa lishe hii, 38 walipungukiwa na kuanguka kwa zaidi ya nusu. Kati ya wale ambao walikuwa bado hawajaanza lishe, ni 6 tu kwa kila 100. Kwa hivyo inasaidia, lakini haisaidii kila mtoto.

Sasa sikiliza vizuri, mama. Lishe hii ni matibabu kama dawa, nayo ina kipimo chake na hatari zake. Chakula hupimwa kwa mizani. Katika kipimo kikali, kila gramu 1 ya protini na wanga kwa pamoja huenda na gramu 4 za mafuta. Mtoto hula krimu, siagi, mafuta, mayai, nyama, parachichi na mboga kidogo. Uji, chapati, mandazi, ndizi na soda hana ruhusa. Biskuti moja kutoka kwa jirani inaweza kurudisha kifafa. Ni lazima nyanya yake, yaya na mwalimu wajue. Hata dawa ya maji ya kikohozi huwa na sukari, kwa hivyo uliza kabla ya kumpa.

Mtoto anaweza kutapika, kufunga choo, kupungukiwa na sukari mwilini, kupata mawe kwenye figo au kuchelewa kukua. Huhitaji kuongezewa vitamini na kalsiamu. Tena kuna watoto wachache waliozaliwa na miili isiyoweza kutumia mafuta. Kwao lishe hii inaweza kuua. Ndiyo sababu daktari hupima damu kwanza, na mtaalamu wa lishe humfuatilia mtoto. Iko pia aina nyepesi zaidi, iliyoanza kutumiwa mwaka 2003, ambayo haihitaji kupima kila kitu kwa mizani. Hiyo nayo husimamiwa na daktari.

Kwa kawaida lishe hujaribiwa kwa miezi 3 hivi. Ikisaidia, mtoto huendelea nayo kwa miaka 2 hivi, kisha huachishwa pole pole. Wakati huo wote, dawa hazipunguzwi mpaka daktari aseme.

Ni mtoto gani anayefaa kufikiriwa? Ni yule aliyetumia dawa 2 zinazofaa, kwa kipimo sawa, bila kukosa, na bado anaanguka. Kwa hivyo kwanza jiulize: je, anameza dawa kila siku? Dawa zikiisha nyumbani, tunakaa siku ngapi kabla ya kuchukua nyingine? Amekua, je, kipimo kimeongezwa?

Weka daftari. Andika tarehe, saa, na muda aliokaa ameshikwa. Beba daftari hilo pamoja na dawa zote uende kliniki, uombe barua ya kwenda hospitali ya rufaa ukamwone daktari wa watoto. Akishikwa kwa zaidi ya dakika 5, usingoje. Mkimbize hospitali mara moja.

Yule mtoto tulimtibu, na tulipompima uzito tukakuta kwamba kipimo chake cha dawa kilikuwa bado kile cha alipokuwa na mwaka 1. Daktari aliongeza kipimo na kuanguka kukapungua sana. Hakuhitaji lishe. Lakini wako watoto wanaoihitaji, na mama zao wana haki ya kuuliza. Uliza, usione haya. Ila usianze peke yako nyumbani, na usiache dawa.