Mahali pa Kulala

Leo tuangalie neno moja la Kiingereza, neno cemetery. Sisi hulitumia kwa makaburi ya mjini, tukidhani ni mahali pa wafu tu. Lakini asili yake ni neno la Kiyunani, koimeterion, maana yake mahali pa kulala. Wayunani waliliita hivyo bweni au chumba cha kulala. Wakristo wa karne za kwanza wakayaita makaburi yao kwa jina hilo, nalo likapitia Kilatini na Kifaransa hata likafika Kiingereza.

Kwa nini walichagua neno la kitandani? Walijifunza kwa Bwana. Katika Yohana 11 aliwaambia wanafunzi kwamba Lazaro amelala, naye anakwenda kumwamsha. Aliyelala hangojwi kwa hofu. Hungojwa mpaka asubuhi.

Hapa kwetu Embu na Meru kifo kiliogopwa sana. Zamani watu wengi hawakuzikwa. Mgonjwa aliyekaribia kufa alitolewa nyumbani akapelekwa porini, na fisi wakafuata. Aliyegusa maiti ilibidi atakaswe. Kisha Injili ikaja, Kigari mwaka 1910, Kaaga mwaka 1912. Wakristo wakaanza kuwabeba wafu wao kwa mikono yao na kuwalaza udongoni kwa maombi. Hilo peke yake lilikuwa mahubiri.

Lakini tuangalie sana, ndugu zangu. Tusilitumie neno hili kuwanyamazisha wenye kilio, tukiwaambia, "Usilie, amelala tu." Yesu alijua atamwamsha Lazaro, hata hivyo alilia machozi. Tumaini halikatazi machozi. Linalokatazwa ni kukimbia.

Na sisi twakimbia bado. Siku ya mazishi twajaa shambani kwa marehemu, twatoa hotuba ndefu, twala, kisha twaenda zetu. Juma la pili mjane yuko peke yake, na pengine shemeji zake wamekwisha kuanza kupima mipaka ya shamba. Tukimwacha hivyo, tumempeleka porini angali hai.

Basi juma hili tumtembelee mmoja aliyefiwa. Tuketi naye, tumchotee maji, tumtetee haki yake. Asubuhi yaja. Bwana awabariki. Amina.