Mkutubi wa Data za Kisayansi na Suala la Lugha



Maneno kitabu, katibu, maktaba na mkutubi yana asili moja katika Kiarabu, nayo ni mzizi k-t-b wenye maana ya kuandika. Ndiyo maana jamii humtazama mkutubi kama mlinzi wa vitabu. Hata hivyo, karne ya 21 imeleta tawi la ukutubi ambalo amana yake ni data za kisayansi: majedwali ya vipimo, picha za setelaiti na rekodi za sauti. Chuo Kikuu cha Illinois, Urbana-Champaign, nchini Marekani, ni miongoni mwa vyuo vilivyotangulia kuifundisha taaluma hii katika shahada ya uzamili. Mahitaji yaliongezeka Januari 2011, pale Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya nchi hiyo ilipoanza kudai kila ombi la fedha za utafiti liambatane na mpango wa kutunza data usiozidi kurasa mbili.

Mwanafunzi wa taaluma hii hufundishwa kumhoji mtafiti: nani alipima, wapi, lini, kwa chombo gani na kwa kizio kipi? Kisha huchagua aina ya faili itakayosomeka hata programu ya leo ikiachwa, na huweka nakala mahali zaidi ya pamoja. Umuhimu wa maswali hayo ulidhihirika Septemba 1999, chombo cha angani Mars Climate Orbiter kilipopotea. Programu moja ilitoa vipimo kwa vizio vya pauni, ilhali nyingine ilivipokea kana kwamba ni vya metriki. Tarakimu zilikuwepo; kilichokosekana ni neno la kuzifafanua.

Kwa Kiswahili suala hili ni zito zaidi. Chukulia jedwali la mvua ambalo safu yake ya saa ina tarakimu 3. Ikiwa karani alihesabu kwa Kiswahili, mvua ilipimwa saa tatu asubuhi. Kompyuta, kwa kufuata hesabu ya kimataifa, itaielewa kuwa saa tisa usiku. Kosa ni la saa 6, na hakuna mashine itakayolalamika. Mkutubi asiyejua Kiswahili hatashuku lolote.

Aidha, kiwango cha kimataifa ISO 639-3, kilichotolewa mwaka 2007, kimetenga alama tatu: swa kwa Kiswahili kwa ujumla, swh kwa Kiswahili mahususi, na swc kwa Kiswahili cha Kongo. Rekodi ya Lubumbashi ikipewa alama ya swh, anayetafiti Kiswahili cha Kongo kwa kutumia alama ya swc hataiona, ingawa imehifadhiwa salama.

Kwa hiyo, kuelezea data ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya kompyuta. Idara za Kiswahili hazina budi kushirikiana na shule za ukutubi: kusanifu istilahi, kukubaliana namna ya kuandika saa, na kuwapa wanafunzi wa uzamili kanda na majedwali halisi ya kuelezea wakati waliozikusanya wangali hai. Mtafiti akistaafu, jedwali hubaki kabatini. Maana ya safu zake, kama haikuandikwa, huondoka naye.