Ada Haingoji Kuku Wakue



Shahada ya kwanza tulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo. Tulipoajiriwa, makato ya marejesho yakawa asilimia 15 ya mshahara. Ada ya uzamili ikabidi tuitafute nje ya kazi: wa Kibaha tulifuga kuku wa nyama, wa Kisarawe tulilima mihogo Maneromango, na jioni tukafundisha twisheni.

Faida ilikuwepo. Kilichotuumiza ni wakati. Kuku huchukua wiki tano au sita, muhogo karibu mwaka. Awamu ya kwanza ya ada hutakiwa wakati wa kujisajili. Mwenzetu mmoja aliuza kuku wa wiki tatu kwa hasara. Mwingine aliahirisha masomo mwaka mzima.

Hatuombi kusomeshwa bure. Tunaomba chama kitenge mfuko wa kukopesha awamu hiyo moja tu. Mkopaji akishauza arudishe, akopeshwe anayefuata. Sisi tuliomaliza tumeshatoa mchango wetu leo. Haba na haba hujaza kibaba.