Askari Anapopelekwa Akiba

Desemba 1992 serikali ya Uganda ilianza kuwarudisha vijijini askari wake yenyewe. Hawakuwa waasi, wala hawakuwa wameshindwa vita. Walikuwa askari wa NRA, jeshi lililoingia Kampala Januari 1986, na waliondolewa kwa sababu jeshi lilikuwa kubwa mno. Kazi hiyo ilifanywa kwa awamu tatu, na ilipofungwa katikati ya 1995, waliovua kombati walikuwa 36,358.

Jeshi hilo lilijaa kwa njia ambayo sisi watu wa ukanda huu tunaifahamu. NRA ilipotoka msituni ilikuwa jeshi dogo. Kisha ikaanza kuwapokea waliokuwa wakipigana nayo: askari wa serikali zilizopita, vikundi vilivyokubali kusalimu amri, wapiganaji wa UPDA waliotia saini mkataba wa amani kule Gulu mwaka 1988. Ilikuwa busara. Mtu mwenye bunduki ukimpa mshahara na cheo, amani inakuja haraka kuliko ukimwinda porini. Lakini kila aliyepokelewa aliongeza mdomo kambini, na kufikia 1992 jeshi lilikadiriwa kukaribia watu 90,000. Wahisani wakaanza kuuliza kwa nini nchi inayoomba msaada wa dawa na madaftari inatumia fedha nyingi hivyo kwa ulinzi. Vita Baridi ilikuwa imekwisha, na subira yao ilikuwa imekwisha pia.

Mimi nauona uamuzi ule wa kupunguza jeshi kuwa sahihi. Na ulitekelezwa kwa uangalifu kuliko mahali pengi barani. Iliundwa Bodi ya Kusaidia Askari Wastaafu, ikawa na ofisi wilayani. Askari alisafirishwa pamoja na familia yake hadi wilaya aliyoichagua, akapewa fedha za kuanzia maisha, mabati na zana za kilimo. Anayedhani hayo ni kidogo awakumbuke askari wa nchi jirani walioondoka kambini na begi moja mgongoni.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo halikupewa uzito ule ule, nalo ndilo lililonileta kwenye maikrofoni leo. Bodi ile ilikuwa chombo cha muda, na kazi yake ilikuwa kumfanya askari awe raia. Kazi ya kumweka awe askari wa akiba, mtu anayejulikana alipo, anayepimwa afya, anayeitwa mara moja kwa mwaka kukumbushwa alichofundishwa, na anayelipwa kwa hayo yote, ni kazi nyingine kabisa. Uganda ilikuwa na jeshi la akiba miaka ile, na kamanda wake hakuwa mtu mdogo, alikuwa Salim Saleh, mdogo wake Rais Museveni. Lakini maelfu waliokabidhiwa mabati walishika njia ya shambani. Serikali ikaagana nao.

Wakati huo huo Marekani nayo ilikuwa ikipunguza majeshi, na kwa idadi inayotisha. Mwaka 1989 ilikuwa na wanajeshi wapatao milioni 2.1 walio kazini. Muongo ulipokwisha, walikuwa chini ya milioni 1.4. Bunge lao lilipitisha sheria mwishoni mwa 1991 iliyompa askari wa makamo, yule aliyetumikia miaka mingi lakini hajafika miaka ya kupata pensheni, njia mbili za kuondoka kwa hiari. Ya kwanza ni malipo ya kila mwaka, kwa miaka mara mbili ya ile aliyotumikia. Aliyetumikia miaka 10 analipwa kwa miaka 20. Ya pili ni kiinua mgongo cha mkupuo mmoja. Na kila njia ilikuwa na sharti: uingie akiba. Anayechukua mkupuo anatia saini kubaki akiba angalau miaka mitatu. Anayechagua malipo ya kila mwaka anaendelea kulipwa mradi yumo katika akiba.

Hapo, msikilizaji, ndipo ninapotaka tukae kidogo. Sharti lile liliunganisha fedha na wajibu. Serikali ilisema: tutakuita tukikuhitaji, na kwa sababu tutakuita, tunakulipa. Askari naye akasema: nalipwa, kwa hiyo nitakuja. Zaidi ya hapo, mwaka 1994 ilipitishwa sheria inayomzuia mwajiri wa kiraia kumfukuza mtu kwa sababu ameitwa jeshini. Akirudi, kazi yake anaikuta. Fundi wa gereji, mwalimu, dereva wa lori, wote wanaweza kuvaa kombati kwa mwaka mzima bila kuhofia kwamba familia itakosa kodi ya nyumba watakaporudi.

Sisemi kwamba Wamarekani waliliweka kila jambo sawa. Wana kundi jingine la akiba lisilo na kikosi wala mazoezi ya kila mwezi. Kila anayejiunga na jeshi lao hujifunga kwa miaka minane, na akimaliza muda wake kazini, miaka iliyobaki huweza kuimalizia katika kundi hilo akiwa nyumbani. Juni 2004, vita vya Iraq vilipowabana, jeshi lao la nchi kavu lilitangaza kuwaita zaidi ya 5,600 kutoka humo. Wengi walipigwa na butwaa. Walikuwa wameoa, wamefungua biashara, wamepata maradhi, wamesahau kabisa kwamba bado wana deni. Maombi ya kusamehewa yakamiminika, na wengine hawakuripoti siku waliyopangiwa. Ni nchi ile ile na sheria zile zile, ila kundi hili halikuwa likilipwa wala kuitwa mazoezini, na matokeo yakawa hayo.

Sasa rudini nami Uganda. Juni 2003 waasi wa LRA walishuka hadi Teso, eneo ambalo jeshi halikuwa limejipanga kulilinda vya kutosha. Nani alisimama? Wanaume wa Teso wenyewe, katika kundi la Arrow Boys. Humo walikuwamo waliowahi kupigana na serikali katika kundi la waasi la UPA, na waliowahi kuvaa kombati zake. Walijua kutumia bunduki, kuvizia, kusoma nyayo. Watu wa eneo la Lango nao wakawa na kundi lao, Amuka. Wakulima hao walizuia mauaji makubwa zaidi. Ni akiba iliyojiita yenyewe, bila daftari, na baadaye malipo yao yakawa malalamiko ya miaka mingi.

Kisha ikaja 2005. Kampuni binafsi za ulinzi zenye kandarasi na Marekani zilianza kuajiri Waganda kwenda kulinda kambi za Wamarekani huko Iraq. Walikwenda kwa maelfu, wengi wao wakiwa askari wa zamani, na mshahara wao ukazidi kushuka kadiri kampuni zilivyogombania kandarasi kwa bei ya chini. Tazama mpangilio wa miaka hiyo. Mwaka mmoja Marekani inawasaka askari wake wa akiba waliotawanyika. Mwaka unaofuata kampuni zake zinawaajiri askari waliofunzwa kwa fedha za mlipa kodi wa Uganda. Ujuzi ule ulikuwapo muda wote, umelala vijijini Uganda. Aliyekuja kuuamsha na kuulipia alikuwa mgeni.

Nimesikia hoja kwamba nchi zetu hazina fedha za kuwalipa watu wakae nyumbani. Ni hoja nzito, na siwezi kuipuuza nikiwa najua hali ya zahanati zetu. Lakini hesabu yake haijakamilika. Kumlisha na kumvisha askari kambini mwaka mzima ni gharama kubwa. Kumwita wiki mbili, kumpima damu na presha, kumlipa posho na nauli, ni sehemu ndogo ya gharama hiyo. Na kuunda kikosi cha dharura wakati adui ameshaingia ni ghali kuliko vyote, maana hulipwa kwa roho za watu.

Suala la afya nalitaja kwa makusudi. Mwaka 1986 Uganda ilipeleka askari 60 Cuba kwa mafunzo, wakapimwa, na 18 wakakutwa na virusi vya UKIMWI. Fidel Castro mwenyewe alimwarifu Museveni walipokutana Harare. Taarifa ile iliusukuma uongozi wa Uganda kuzungumzia ugonjwa huo hadharani mapema kuliko wengine. Basi fikiria askari aliyeondolewa 1993 akiwa na virusi, akarudi wilaya isiyo na dawa, na mke aliyemwoa karibu na kambi, mbali na kwao, asiyejua lugha ya wakwe zake. Mume akifariki, mke huyo anabaki kwenye ardhi ya watu wasiomtambua. Lingekuwapo daftari la akiba linalofuatiliwa, mtu wa serikali angepita nyumba ile angalau mara moja kwa mwaka, akajua kuna mgonjwa, na baadaye akajua kuna mjane.

Watanzania wanaonisikiliza watakumbuka Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Jeshi lilivimba ghafla kutoka watu wapatao 40,000 hadi zaidi ya 150,000, na sehemu ya ongezeko hilo ilikuwa mgambo, raia waliokuwa tayari wamepigishwa kwata vijijini na kazini kabla Idi Amin hajavuka mpaka. Walipatikana kwa haraka kwa sababu kila kata ilijua watu wake ni nani na wako wapi. Vita vilipokwisha wengi walirudi majembeni.

UPDF, jeshi lililorithi NRA, siku hizi huwaaga askari wake kwa makundi kila mwaka, kwa gwaride na hotuba. Hundi ya kiinua mgongo ni haki yao na isicheleweshwe hata siku moja. Pamoja na hundi hiyo ningependa kila mmoja atoke na karatasi ya pili, yenye sahihi mbili, yake na ya jeshi: miaka mingapi atabaki akiba, ataripoti wapi, atalipwa nini kila anaporipoti, atatibiwa wapi, na mwajiri wake atabanwa na sheria ipi akiitwa. Bajeti husomwa kila Juni. Mwaka huu, katika fungu la ulinzi, nitatafuta fedha za kuigharamia karatasi hiyo, na nisipoziona nitarudi hapa kuuliza kwa nini.