Saba Saba ya Temeke na ya Kamukunji

Msikilizaji, itaje Saba Saba ukiwa Temeke, Dar es Salaam, mtu atakuuliza kiingilio cha maonesho ya biashara mwaka huu ni shilingi ngapi. Itaje ukiwa Kamukunji, Nairobi, huenda akakutazama kwanza ajue uko upande gani.

Tarehe ni ile ile, 7 Julai. Mwaka 1954, jijini Dar es Salaam, chama cha TAA kiligeuzwa kuwa TANU, Julius Nyerere akiwa rais wake. Miaka saba na miezi mitano baadaye Tanganyika ikawa huru. Ilipofika 1965, TANU ndiyo iliyobaki chama pekee halali Tanzania Bara.

Kenya nayo, mwaka 1990, ilikuwa na chama kimoja tu, KANU. Kenneth Matiba na Charles Rubia, wote waliowahi kuwa mawaziri, wakaitisha mkutano wa hadhara Kamukunji, 7 Julai, kudai vyama vingi. Serikali ikaupiga marufuku, na siku tatu kabla ikawakamata na kuwaweka kizuizini. Watu wakaenda hivyo hivyo. Wakapokewa kwa mabomu ya machozi, virungu na risasi. Ghasia zikadumu siku kadhaa na kufika miji mingine, watu wakafa. Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba, kilichoilinda KANU peke yake, kikafutwa.

Kinaya hicho! Kusini ya mpaka, taifa linaadhimisha kuzaliwa kwa chama; kaskazini, raia wanapigwa kwa kutaka cha pili. Na Tanzania yenyewe (tusijisahau) haikuruhusu cha pili hadi 1992.

Novemba 2021 UNESCO iliitenga 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kwa kuitazama TANU na jinsi ilivyokitumia Kiswahili kudai uhuru. Sina ugomvi na uamuzi huo. Ninachogombana nacho ni vipindi vyetu vya siku hiyo: ngonjera, pongezi, hotuba za mabalozi, na Kamukunji haitajwi kabisa. Ilhali 7 Julai 2025 polisi walifunga barabara za kuingia katikati ya Nairobi, na watu wakauawa tena, huku maonesho ya biashara yakiendelea Temeke, Barabara ya Kilwa.

Basi watayarishaji wenzangu, mkipanga kipindi cha 7 Julai ijayo, tengeni dakika chache za Matiba na Rubia. Ngonjera moja ikipunguzwa, nafasi itapatikana.