Kiti cha Ubungo na Makarani wa Kura

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi letu)



 Mimi si mwanasiasa, wala kanuni za kazi yetu haziniruhusu kuwa mpiga debe wa chama cho chote. Karani ni mtu wa daftari, nami nimekuja na daftari tu: habari za kiti kimoja cha Bunge, kiti cha Ubungo, tangu 1995 hata 2025, pamoja na habari zetu sisi tunaoketi nyuma ya meza wakati wananchi wakichagua.

Kwanza neno lenyewe. Wazee wetu waliotumikia serikali ya Tanganyika, walipotaja jimbo, walikuwa na maana ya sehemu kubwa ya nchi yenye Bwana P.C. wake. Siku hizi jimbo ni eneo la mbunge mmoja. Jimbo letu lina Sinza na Manzese, Mabibo na Makuburi, Kimara na Ubungo yenyewe; Chuo Kikuu ki juu ya kilima chake, na barabara ya Morogoro yalipasua jimbo katikati. Humo hukaa profesa, na humo hukaa mchuuzi wa mitumba, na siku ya kura karatasi zao zina uzito mmoja. Zamani za chama kimoja wazee walichagua kati ya picha ya jembe na picha ya nyumba, na wenye picha zote mbili walikuwa wa chama kile kile. Mashindano ya vyama yalikuja 1995.

Mwaka huo ulianza vibaya. Tarehe 29 Oktoba wananchi wa Dar es Salaam walijipanga tangu alfajiri, lakini vifaa vilichelewa, na mahali pengine havikufika kabisa. Tume ya Taifa ya Uchaguzi ikaufuta uchaguzi wa majimbo yote 7 ya mji huu, ikaamuru urudiwe tarehe 19 Novemba. Fikirini, mabwana: mtu amesimama juani kutwa nzima bure, na baada ya siku 21 aambiwa aje asimame tena. Watu wa Ubungo walikuja. Wakamchagua Dk. Masumbuko Lamwai, mwanasheria, wa chama cha NCCR-Mageuzi, na hivyo mbunge wa kwanza wa mfumo mpya katika kiti hiki akatoka upinzani. Kila nisikiapo mtu akisema kwamba watu wetu hawajali kura, huikumbuka ile safari yao ya pili.

Miaka mitano ikapita, na chama kile kikawa kimepasuka kwa ugomvi wa ndani, Bw. Augustine Mrema mwenyewe alikwisha kuhamia TLP mwaka 1999. Uchaguzi wa 2000 ukampa kiti Bw. Charles Keenja wa CCM. Huyu hakuwa mgeni, kwa kuwa halmashauri ya Jiji ilipovunjwa 1996 ndiye aliyewekwa kuiongoza Tume ya Jiji, na watu walimpima kwa takataka na barabara kuliko kwa maneno. Akawa Waziri wa Kilimo. Akashinda tena 2005, katika uchaguzi uliosogezwa hata 14 Desemba kwa sababu ya kufariki kwa mgombea mwenza wa CHADEMA, Bw. Jumbe Rajab Jumbe. Safari hiyo alishindana na kijana, John Mnyika. Kijana akashindwa, wala hakuondoka.

Sasa nakuja 2010, nami naomba ruhusa ya kukaa hapa kidogo. Mnyika alitangazwa kupata kura 66,742, na Bibi Hawa Ng'humbi wa CCM kura 50,544. Tofauti ni kura 16,198. Bibi Ng'humbi hakuridhika, akaenda Mahakama Kuu, na kesi ikatupwa mwezi Mei 2012. Wengi waliifuata kesi ile kama watu wafuatavyo mpira. Mimi niliifuata kama karani, nikaona jambo ambalo labda wengine hawakuliona. Katika mikutano ya kampeni maneno yalikuwa ya maji, kwa maana mabomba ya Kimara siku zile yalikuwa yakitoa upepo, na ndoo zilipangwa barazani kama askari. Lakini mahakamani hakuna aliyeshindania maji. Walishindania chumba cha kujumlishia kura: nani aliingia, hesabu ilifanywa kwa chombo gani, na fomu hii yapatana na ile au haipatani. Yaani walishindania kazi yetu.

Mwaka 2015 jimbo lilikatwa, upande wa Mbezi na Goba ukawa jimbo la Kibamba, na Mnyika akahamia huko akashinda. Ubungo ikamchagua Bw. Saed Kubenea wa CHADEMA, mwandishi wa magazeti, kwa kura 87,666 dhidi ya 59,514 za Dk. Didas Masaburi wa CCM, aliyewahi kuwa Meya wa Jiji. Kumbe jimbo limepungua, na kura zimezidi! Mwaka 2020 kiti kikarudi CCM kwa Profesa Kitila Mkumbo, aliyemshinda Bw. Boniface Jacob wa CHADEMA, aliyekuwa Meya wa Manispaa ya Ubungo. Tena Profesa huyo alikuwa CHADEMA zamani, kisha ACT. Dk. Lamwai naye alihamia CCM baadaye, na Kubenea akaenda ACT. Mpiga kura wa Manzese aliyetaka kufuata rangi za mashati angalichoka miguu.

Mabwana na mabibi, kati ya chaguzi hizo mbili, Mei 2019, Mahakama Kuu iliamua katika shauri la Bw. Bob Chacha Wangwe kwamba si halali wakurugenzi wa halmashauri kuwa wasimamizi wa uchaguzi, kwa sababu huteuliwa na Rais, na Rais ni mtu wa chama. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile. Sheria mpya zilitungwa 2024, Tume ikaitwa Huru. Sina cheo cha kuwasahihisha majaji. Nasema tu kwamba swali lililoulizwa mahakamani lilituhusu sisi: je, mtumishi wa serikali aaminika?

Oktoba 2025 Profesa Mkumbo alipata kiti tena. CHADEMA haikuwamo katika karatasi ya kura, kwa kuwa ilikataa kutia sahihi kanuni za maadili, ikaondolewa. Siku ile ya 29 mji uliwaka kwa maandamano, watu walikufa, na jioni ikatoka amri ya kutotoka nje. Sitaongeza neno juu ya msiba ambao baadhi yenu mmeuzika majumbani.

Lakini nina deni la kuungama. Mwaka mmoja nilikuwa karani katika kituo cha kura. Akaja bibi mmoja mwenye mkongojo. Nikalitafuta jina lake katika orodha, sikuliona, nikamwelekeza kituo cha mbali. Alasiri, foleni ilipopungua, nililikuta jina lake: nililitafuta kwa jina la mumewe, nalo liliandikwa kwa jina la baba yake. Nilimwomba msimamizi ruhusa, nikatoka mbio hata kile kituo cha pili. Wakasema alifika, akaambiwa hayumo, akaenda zake. Katika hesabu ya jioni fomu zetu zote zilipatana, na msimamizi alinisifu. Bibi yule hakuwa amepungua katika tarakimu yo yote.

Nyumba yake naijua sasa. Hupita hapo nikienda kazini, naye huniitikia shikamoo yangu kwa uchangamfu, maana hanikumbuki.

Bwana Katibu amekwisha kunionyesha saa yake mara mbili. Namwachia nafasi yule ndugu wa Makuburi, aliyekuwamo katika mstari wa 1995, mara zote mbili, naye amesema anayo masahihisho.