Mahindi Matamu ya Mapema

Leo tuko New York na majimbo jirani ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, ambako mwanzoni mwa Mei udongo bado ni wa baridi. Udongo ukiwa chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, mbegu ya mahindi huweza kuoza kabla ya kuota, na aina zilizo tamu zaidi hudai nyuzi 16 hivi. Lakini mahindi ya kwanza kufika sokoni ndiyo yenye bei.

Basi wakulima hutandaza plastiki juu ya tuta. Wengi hudhani nyeusi ndiyo yenye joto zaidi. Sivyo: ile angavu hupitisha mwanga wa jua, ukaupasha moto udongo wenyewe. Ubaya wake, magugu nayo hunawiri humo chini.

Wenye haraka zaidi huotesha miche kitaluni, kwenye trei. Hapo ndipo mambo huweza kuharibika. Mizizi ya mahindi haipendi kusumbuliwa, kwa hiyo mche uhamishwe ukiwa na wiki mbili au tatu tu, pamoja na udongo wake. Ukichelewa, mmea hudumaa na kuzaa gunzi dogo. Panda mistari mifupi kadhaa iliyokaribiana, si mmoja mrefu, maana chavua hubebwa na upepo.

Kazi ni nyingi, na baada ya mavuno plastiki hiyo sharti iondolewe shambani. Kama huna mnunuzi wa mahindi ya mapema, usijisumbue: ngoja udongo upate joto, panda mbegu kama kawaida.